Fundo la Pindoni

Mzee Yaledi Chidumizi aliileta ndani ya kopo la biskuti,
kaniki iliyokakamaa kama ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa juani,
akaiweka mezani kwangu, hapa maabara, Dodoma,
akasema: Humu mna muuaji. Mtoe.

Wanawake watano, alisema, mwaka wa nzige,
kwenye visima vya njia ya misafara, kati ya Chunyo na Mpwapwa.
Hii ni ya yule wa nne. Babu wa babu yake aliiokota
kabla fisi hawajafika.
Na muuaji kila mtu anamjua: Ndahani, wa ng'ambo ya korongo,
ambaye ukoo wake ulifukuzwa usiku na ng'ombe wake wakabaki,
na ambaye vitukuu wake wamerudi mwaka huu
na wakili, wanadai shamba
ambalo tangu serikali ihamie huku
linauzwa kwa mita za mraba.

Nikavaa glavu. Nikauliza: Nani ameigusa?
Akacheka. Binti yangu, uliza nani hajaigusa.
Bibi aliikunjua kila msiba,
watoto walioneshwa ili waogope giza,
shangazi mmoja aliilalia akitafuta ndoto.

Alikuwa na karatasi pia, nakala ya nakala:
mganga wa boma ameandika, kwa kinywa cha mkalimani,
kwamba aliyekata alitumia mkono wa kushoto
na alijua kuchinja.
Niliisoma mara tatu.
Wa kushoto, akiwa amesimama wapi? Mbele yake? Nyuma?
Au mmoja wao alikuwa amepiga magoti, na ni yupi?
Na kujua kuchinja, hapa Ugogo!
Nionyeshe asiyejua
nimwandike yeye kwanza.

Wiki tatu mashine ilinguruma.
Damu ipo. Ya mtu, ndiyo. Ya mbuzi pia.
Moshi, samli, jasho la mikono isiyohesabika,
na kijipande kimoja cha uzi ule tunaorithi kwa mama,
kimechakaa, herufi zake nyingi zimeliwa.
Nikakilinganisha.
Kinafanana na cha kitukuu wa Ndahani.
Mzee angefurahi kama ningeishia hapo.
Kinafanana na cha Mzee mwenyewe.
Kisha, kwa kuwa utaratibu unatutaka sisi tulioshika tujipime,
nikaweka cha kwangu,
nikakaa nakitazama kioo
hadi mlinzi alipokuja kuuliza kama azime taa.

Nilimwita. Nikamwambia: Hakimtaji mtu, hakimwondoi mtu.
Kwa kipimo hiki hata mimi nilikuwa pale kisimani.
— Sasa unanipa nini?
— Nakupa tusichokijua, kimegongwa muhuri.
Akanitazama kama mtu aliyeuziwa kiberiti
chenye njiti zilizolowa.

Habari ya fundo niliiweka ukurasa wa nne.
Hakufika huko.

Pindoni palikuwa na fundo dogo, gumu kama kokwa.
Miaka zaidi ya mia hakuna aliyelifungua,
wote wameinamia doa.
Nililegeza kwa sindano, nusu saa, pumzi nimeibana.
Chumvi. Ya kijivu, chungu kidogo bila shaka
(sikuionja, ingawa ulimi ulitaka),
kama ile wanayokwangua Bahi maji yakikauka,
kiasi cha kukolezea mlenda wa siku mbili.
Siku mbili, kama alikula peke yake.

Fomu ya kurudisha vielelezo ina mstari mmoja wa mwisho:
Mwenye mali.
Mzee alitia sahihi bila kuvaa miwani,
akabana kopo kwapani, akatoka kwenye vumbi la saa nane.

Chumvi nilikuwa nimeirudisha mahali pake.
Nilijaribu kulifunga fundo jinsi alivyolifunga yeye,
likanikataa, nikajaribu tena.
Lilizungushwa kwa upande ambao mkono wangu hauujui.
Nilihamishia pindo mkono wa kushoto,
likakaa.

Hilo sikuliandika ukurasa wowote.
Najua watu wangelifanyia nini.